Timu ikibeba Kombe la Stanley, GM anastahili sifa kiasi gani? Hivi ndo unavyopima

Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi ya hoki ya barafu NHL, likishabebwa tu, kesho yake utasikia GM wa ile timu ni fundi, na yule wa timu iliyotolewa raundi ya kwanza hafai, afukuzwe, na mara nyingi hakuna aliyekaa akaangalia huyu mtu kafanya nini hasa. Hii kitu inaniuma kwa sababu kuna watu walijenga timu miaka na miaka wakafukuzwa, afu akaja mwingine akakalia kiti kile kile na sifa zote zikaenda kwake. Na kuna wengine tunawaambia "alikuta timu tayari" wakati bila wao ile timu isingefika popote.

Kwa asiyefuatilia sana hoki ya barafu ya NHL, GM ni meneja mkuu, ndo mwenye usajili, ndo anabadilishana wachezaji na timu nyingine (trejdi), anasimamia drafti ya vijana (zoezi la kila mwaka ambapo timu zinachagua wachezaji vijana kwa zamu), anaajiri na kufukuza kocha, na anahakikisha mishahara haivuki kikomo cha ligi. Hapangi kikosi siku ya mechi. Kwa hiyo ukitaka kumpima, pima maamuzi, kwa kile alichokuwa anakijua siku ile na kwa hali aliyoikuta. Kombe ni matokeo, na ndani ya matokeo kuna mikono ya watu wengi sana pamoja na bahati.

Chukua karatasi au fungua eksel, tuanze.

HATUA YA 1: Andika tarehe aliyoingia na alichokikuta

Hii usiiruke hata kama una haraka. Andika majina yote ya kikosi kilichobeba kombe, mbele ya kila jina andika alikuja lini, kwa njia gani (drafti, trejdi, mkataba, au aliachwa na timu nyingine akaokotwa bure), na GM alikuwa nani siku hiyo.

Fainali ya 2018 ni darasa zuri kuliko zote ninazozijua. Washington walicheza na Vegas wakashinda mechi 4 kwa 1. GM wa Washington alikuwa Brian MacLellan, aliyeanza 2014. Kabla yake alikuwepo George McPhee toka 1997, akafukuzwa, na MacLellan alikuwa msaidizi wake, halafu walishacheza pamoja chuoni Bowling Green. Sasa 2018 McPhee alikuwa wapi? Alikuwa GM wa Vegas! Yaani yule bwana alikaa upande wa pili akawaangalia Ovechkin, Backstrom, Kuznetsov, Carlson, Holtby, Orlov na Tom Wilson wanamfunga, na hao wote waliingia kwenye drafti wakati wake.

Ukijaza ile karatasi utaona MacLellan naye ana watu wake: Niskanen na Orpik aliwasajili 2014, Oshie alikuja kwa trejdi 2015, Lars Eller 2016, Smith-Pelly kiangazi cha 2017, Kempny Februari 2018. Hapo tu ushaona kwamba jibu la "MacLellan kafanya yote" na jibu la "MacLellan kala jasho la mwenzake" yote mawili hayasimami.

Na kama GM mpya alikuwa msaidizi wa yule wa zamani usimpe sifuri kwa yale ya zamani. Tampa hivyo hivyo, GM Steve Yzerman aliachia ngazi Septemba 2018, Julien BriseBois akachukua na wakabeba 2020 na 2021, lakini BriseBois alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo toka 2010 anafanya kazi na Yzerman. Mgao wa ndani kati ya bosi na msaidizi sisi wa nje hatuuoni wote, kwa hiyo wape kama kundi.

HATUA YA 2: Usihesabu vichwa, pima uzito

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuhesabu, huyu kaleta 12 na yule kaleta 8 basi huyu kashinda. Hapana bwana. Angalia dakika wanazocheza na kazi wanayopewa, nani anacheza dhidi ya mstari wa kwanza wa mpinzani (washambuliaji wao bora), nani yuko kwenye barafu dakika ya mwisho mnaongoza goli moja.

Washington 2018 mchezaji bora wa mechi za mtoano alikuwa Ovechkin, na aliyeongoza kwa pointi alikuwa Kuznetsov na pointi 32 (magoli ukijumlisha na pasi za magoli). Uti wa mgongo ulikuwa wa McPhee, hilo halina ubishi. Lakini mechi ya tano ya fainali, ile iliyomaliza kazi, Washington walikuwa nyuma 3-2 kipindi cha tatu, Smith-Pelly akasawazisha, Eller akafunga la ushindi. Wote wawili ni wa MacLellan. Na Smith-Pelly alikuwa ameachwa na New Jersey, walimlipa ili aondoke, hakuna aliyekuwa anamgombania.

Hapa weka pia kitu ambacho watu hawakiandiki kabisa, nacho ni KUBAKIZA. Washington waliongoza ligi nzima msimu wa 2015-16 na 2016-17 na mara zote mbili Pittsburgh wakawatoa raundi ya pili. Kelele zilikuwa nyingi kwamba hiki kikosi kivunjwe, hawa hawawezi. MacLellan hakukivunja, Julai 2017 akampa Kuznetsov miaka 8 ya dola milioni 7.8 kwa mwaka. Mchezaji aliyerithiwa akabakizwa kwa maamuzi magumu, sehemu ya sifa inahamia kwa aliyembakiza. Mimi huwa nagawa, aliyemleta anapata kubwa, aliyembakiza anapata kipande, na kipande kinakua kadri presha ya kumuuza ilivyokuwa kubwa.

HATUA YA 3: Drafti, angalia namba ya chaguo kabla hujapiga makofi

Ukichagua wa kwanza na pale yupo kipaji kama Connor McDavid, hakuna ufundi. 2015 Edmonton walishinda bahati nasibu ya drafti (kura ya kupanga nani achague kwanza, timu mbovu zikiwa na nafasi kubwa) wakati hata hawakuwa timu mbovu kuliko zote msimu ule, Buffalo ndo walikuwa wa mwisho. Hata Ovechkin wa 2004, Washington walipanda kwa bahati nasibu hadi nafasi ya kwanza. McPhee sifa yake kwenye Ovechkin ni ndogo, sifa yake kubwa mimi naiona kwa Holtby aliyechaguliwa wa 93 mwaka 2008, na Kuznetsov wa 26 mwaka 2010 wakati timu nyingi zilikuwa zinaogopa kwamba atabaki Urusi.

Bahati inaweza hata kukupiga kofi ukadhani umekufa kumbe umepona. Colorado msimu wa 2016-17 walimaliza wa mwisho na pointi 48, wakategemea angalau wachague wa kwanza, bahati nasibu ikawashusha mpaka nafasi ya nne. Wakamchukua Cale Makar. Miaka mitano baadaye Makar ndo mchezaji bora wa mtoano na Colorado wamebeba kombe la 2022. Sasa GM wao wa wakati huo, Joe Sakic, umpe nini hapo? Mpe kwamba kwa waliokuwa wamebaki nafasi ya nne alichagua vizuri, na timu nyingine tatu zilimpita. Usimpe kwamba "alijua". Angekuwa na nafasi ya kwanza sijui kama leo tungekuwa tunaongea hivi.

Machaguo ya chini nayo yana mtego wake. Detroit walimpata Datsyuk namba 171 mwaka 1998 na Zetterberg namba 210 mwaka 1999, wote wakaja kuwa nyota, na hadithi inayoenezwa ni kwamba waliona kile ambacho wengine hawakukiona. Ni kweli kiasi, ila fikiria, kama walikuwa na uhakika kuwa Datsyuk atakuwa vile, wangesubiri mpaka 171 wakiomba Mungu asichukuliwe? Walichokuwa nacho ni skauti mzuri Ulaya, Håkan Andersson, na tabia ya kurusha chambo sehemu ambazo wengine hawaendi. Kwa GM Ken Holland sifa ni kumwamini na kumtunza skauti wa aina hiyo miaka mingi, na skauti mwenyewe apewe lake. Tampa pia na nyota wao, Kucherov wa 58 mwaka 2011 na Point wa 79 mwaka 2014. Mara moja inaweza kuwa bahati, ikijirudia chini ya watu wale wale ndo unaanza kuandika jina.

HATUA YA 4: Kila dili lihukumu kwa tarehe yake

Hii ndo hatua ngumu kwa sababu ushajua mwisho wa hadithi. Jifunike macho, jiulize siku ile ilionekanaje, alilipa nini, na njia nyingine zilikuwa zipi.

Tuchukue moja tuitazame kwa karibu. Februari 2018 Washington walikuwa na shida upande wa kushoto wa mabeki, Carlson alikosa mwenza wa kueleweka. MacLellan akaenda Chicago akamchukua Michal Kempny, Mcheki, ambaye kocha wa Chicago alikuwa anamweka nje ya kikosi mara kwa mara. Bei, chaguo la raundi ya tatu ya drafti. Machaguo mengi ya raundi ya tatu huwa hayaji kuwa wachezaji wa kudumu NHL, kwa hiyo hasara ingekuwa ndogo hata kama Kempny angeshindwa. Akapangwa na Carlson kwenye pea ya juu, wengine wakashuka kwenye nafasi zinazowatosha, na ghafla safu nzima ikakaa sawa. Hili hata lisingezaa kombe bado ni dili zuri: shida ilijulikana, bei ndogo, mchezaji alikuwa anathaminiwa chini ya uwezo wake. Alama kamili.

Sasa geuza. Aprili 2013 McPhee huyo huyo ninayemsifia alimpeleka Filip Forsberg Nashville ili ampate Martin Erat. Forsberg alikuwa kijana aliyechaguliwa wa 11 mwaka mmoja tu kabla, Erat alikuwa ameshavuka miaka 30. Forsberg akaja kuwa mfungaji bora wa muda wote wa Nashville, Erat hata mwaka hakumaliza akaomba kuondoka. Hili lilikuwa baya siku ile ile, huhitaji kusubiri matokeo.

Halafu kuna zile za katikati zinazonisumbua kichwa. Julai 2019 Dale Tallon wa Florida alimpa kipa Bobrovsky miaka 7 dola milioni 70, jamaa anakaribia miaka 31, na siku kumi tu kabla Florida walikuwa wametumia chaguo la 13 kwa kipa kijana Spencer Knight. Miaka ya mwanzo mkataba ulionekana jiwe shingoni. Kisha Florida wakaenda fainali tatu mfululizo na kubeba 2024 na 2025, Bobrovsky golini zote. Je Tallon alikuwa sahihi? Mimi nasema alifanya dau la hatari ambalo lililipa, na kwenye karatasi yangu naandika "hatari kubwa, limelipa", siandiki "busara". Ruhusu karatasi yako iwe na safu mbili, moja ya uamuzi na moja ya matokeo, maana ukizichanganya umeshaharibu kazi yote.

HATUA YA 5: Fuata hela

Toka 2005 NHL ina kikomo cha mishahara ambacho huwezi kukivuka kwa kununua tu, kilianza dola milioni 39 na msimu wa 2024-25 kilifika milioni 88. Maana yake ni kwamba ufundi wa GM unaonekana kwenye tofauti kati ya anacholipa na anachopata. Nyota wa milioni 10 anayecheza kama wa milioni 10 hajakupa faida, umelipa bei yake. Faida iko kwa yule wa milioni moja anayecheza kama wa milioni tano.

Hapa ndo Bill Zito wa Florida anang'aa, na nasema wazi mimi namkubali sana. Alichukua kazi Septemba 2020, akawakuta Barkov, Ekblad, Huberdeau na Bobrovsky, wote wa kabla yake. Mwezi uliofuata akamsajili Carter Verhaeghe kwa dola milioni 1 kwa mwaka, mtu ambaye Tampa walimwacha aende. Januari 2021 Carolina walimweka Gustav Forsling kwenye orodha ya wachezaji ambao timu yoyote inaweza kuwachukua bila kutoa kitu, Zito akamchukua. Bure! Forsling akawa beki wa pea ya juu wa bingwa mara mbili. Montour na Sam Bennett wakaja Aprili ya mwaka huo huo, Reinhart kiangazi. Timu nyingine nazo jina la Forsling walilisoma, kwa hiyo huwezi kusema alirithi.

Kuna vitu vya hela ambavyo si vya GM. Jimbo la Florida, ambako ndiko Tampa nao waliko, halina kodi ya mapato ya jimbo, mchezaji akisaini Florida au Tampa mshahara ule ule anabaki na zaidi mfukoni. Punguza kidogo kwa hilo, kidogo tu, maana kodi ilikuwa hivyo hivyo miaka yote ambayo Florida walikuwa hawashindi chochote.

HATUA YA 6: Ondoa bahati

Kwenye hoki magoli ni machache, puki (kile kisahani wanachochezea) inagonga mguu wa mtu inaingia, kipa anawaka moto wiki mbili. Kuna kipimo rahisi kinaitwa PDO, unajumlisha asilimia ya mashuti yenu yanayoingia na asilimia ya mashuti kipa wenu anayookoa. Kwa timu nyingi huishia karibu na 100, ukikuta iko juu sana msimu mmoja tegemea itashuka. Colorado walipata pointi 112 msimu wa 2013-14 huku wapinzani wakipiga mashuti mengi kuliko wao, msimu uliofuata wakapata 90 na mtoano wakaukosa.

Kwa mchezaji mmoja mmoja mwangalie William Karlsson wa Vegas, magoli 6 akiwa Columbus, afu 43 msimu wa kwanza Vegas, na karibu robo ya mashuti yake yaliingia. Msimu uliofuata 24. McPhee mpe sifa ya Karlsson wa magoli 24, hilo lenyewe ni zuri mno kwa mtu ambaye Columbus, Vegas ilipoanza 2017 ikichukua mchezaji mmoja kutoka kila timu, waliongezea na machaguo ya drafti juu ili achukuliwe yeye na si mwingine. Lile ongezeko mpaka 43 hakuna GM aliyelipanga.

Na Washington tena: 2016 pointi 120, 2017 pointi 118, 2018 pointi 105. Kikosi kilichobeba kombe kilikuwa na msimu dhaifu kuliko vile viwili vilivyoshindwa! Raundi ya kwanza walipoteza mbili za mwanzo nyumbani dhidi ya Columbus, ya tatu ikaenda muda wa nyongeza mara mbili mpaka Eller akafunga. Ile ingeingia upande wa pili wangekuwa nyuma mechi 3-0 na leo MacLellan angekuwa anaitwa yule aliyeshindwa na Ovechkin. Ndo maana mimi nahesabu misimu yote mitatu pamoja, wastani wa timu aliyoijenga, wala siangalii ule mmoja wenye kombe.

HATUA YA 7: Kocha na mmiliki wachukue chao

Fupi tu. GM anapata sifa ya kumwajiri kocha, kocha anapata sifa ya anachofanya na kikosi. Mtoano wa 2018 kocha wa Washington, Barry Trotz, alianza na Grubauer golini, akarudi kwa Holtby baada ya mambo kwenda mrama, huo ni uamuzi wa benchi. Na hata kuajiri kwenyewe chunguza, MacLellan kupewa kazi na Trotz kuajiriwa vilitangazwa siku moja Mei 2014, kwa hiyo wakubwa wa juu walihusika. Mmiliki naye anaweza kumfunga mtu mikono, New York Islanders 2006 walimwajiri Neil Smith wakamwondoa baada ya siku kama 40 na kiti wakampa Garth Snow, kipa wao wa akiba. Kwenye nyumba ya namna hiyo kumpima GM peke yake ni kumwonea.

HATUA YA 8: Mlinganishe na aliyekuwa na hali ile ile

Hapa Vegas na Seattle ni zawadi. Timu zote mbili mpya, sheria za kuchagua wachezaji zinafanana, Vegas 2017 na Seattle 2021. Vegas pointi 109 na fainali, Seattle pointi 60. Mtu wa haraka atasema McPhee fundi, Ron Francis, GM wa Seattle, hafai. Lakini 2017 ma-GM wengine waliingiwa na hofu wakatoa mali ili wasipoteze mtu fulani: Florida waliwaachia Marchessault na Reilly Smith wote wawili, Anaheim wakatoa Shea Theodore ili Vegas wamchukue Clayton Stoner na mkataba wake. 2021 walikuwa wameshajifunza, Francis alipiga simu akakuta milango imefungwa. McPhee sifa yake ni kwamba hofu ilipokuwepo aliikamua mpaka tone la mwisho, na hiyo ni sifa kubwa, ila sehemu kubwa ya ile tofauti ya pointi ni makosa ya watu wengine.

HATUA YA 9: Andika hukumu kwa sentensi, usitoe namba

Watu wanapenda asilimia, "GM 40, kocha 30". Usifanye hivyo, namba inaonekana ya kisayansi na haina msingi. Andika aya moja kwa kila GM. Yangu kwa MacLellan inasomeka hivi: alirithi nguzo zote kubwa, akakataa kuzivunja wakati wengi walitaka, akajaza nafasi za kati kwa bei nafuu, bahati ikamkuta msimu ambao hakuwa na kikosi chake bora, sifa nzuri lakini chini ya McPhee kwa kombe la 2018. Kwa Zito: alirithi nyota wanne, akamtoa mmoja wao, Huberdeau aliyekuwa ametoka kupata pointi 115, pamoja na Weegar ili ampate nyota wa Calgary, Tkachuk, Julai 2022, baada ya msimu wa pointi 122, wakati GM wengi wangeogopa kugusa, na waliomzunguka Barkov wengi kawaleta yeye, baadhi kwa bei ya chini. Sifa kubwa sana, na ninaiandika nikijua kabisa kwamba 2023 waliingia mtoano kwa tofauti ya pointi moja.

Karatasi itunze, weka tarehe juu, ifungue tena baada ya misimu mitatu au minne, kwa sababu vijana wa drafti wa leo watakuwa ndo kwanza wanaanza kucheza dakika za maana, na mikataba mirefu itakuwa imefika katikati ambapo inaanza kuuma.